UZI: Kwa wenzangu wa mwisho wa reli Kigoma, mionzi ya kansa haiachwi katikati

BintiUjiji

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimekaa nao moyoni tangu wiki iliyopita. Kuna mama jirani yetu hapa Ujiji alienda Dar kutibiwa kansa ya shingo ya kizazi, kapigwa mionzi wiki tatu, damu ikakata, maumivu ya kiuno yakapungua, akapanda basi akarudi zake. Tukaenda kumpokea, pilau imepikwa, kila mtu anasema kapona. Nikamuuliza pembeni, mama umemaliza zote? Akanijibu mwanangu walitaka nikae mwezi mwingine, wa nini sasa wakati damu imekata na mihogo yangu inaliwa na ngedere shambani.

Siku hiyo sikulala. Shangazi yangu aliyenilea, muuza dagaa pale Kibirizi, naye mwaka juzi alifika wiki ya tatu akafunga begi kabisa. Mimi nilibembeleza nikashindwa. Aliyemzuia ni daktari mmoja wa kike, alikaa naye kwenye benchi nje akamweleza taratibu ile mionzi inafanya nini ndani ya mwili, akamaliza, shangazi akafungua begi. Leo ana mwaka na nusu tangu amalize na yuko gengeni kwake anauza. Mi ni mwalimu wa fizikia sekondari, nilikaa naye hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, wiki zote saba na nilimuuliza maswali kila aliyevaa koti jeupe, kwahiyo nawaletea nilichoelewa. Watu wetu wanaacha katikati kwa sababu hakuna aliyewaambia kwanini zile siku ni nyingi.

Tuanze na neno lenyewe. Tunasema "kuchomwa mionzi", mgonjwa akisikia kuchomwa anawaza moto, na moto si ukishaunguza umeunguza, siku moja inatosha. Ngoja niwapigie hesabu. Dozi ya mionzi inapimwa kwa grei, grei moja ni jouli moja ya nishati imeingia kwenye kilo moja ya mwili. Shangazi mionzi ya nje alipata grei 50, siku 25, grei 2 kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hizo 50 zote ukizimimina kwa mpigo kwenye kilo moja ya maji, maji yanapanda joto kama sehemu moja ya mia ya nyuzi moja tu. Kidole hakisikii hata kidogo. Ndo maana ukilala pale kitandani husikii joto wala maumivu, mashine inalia kidogo, dakika chache wanakwambia shuka mama, na shangazi siku ya kwanza alitoka amekasirika akijua hawajamfanyia kitu.

Kazi inafanyika pembeni kabisa na joto. Mionzi ikipita mwilini inang'oa elektroni kwenye vitu inavyokutana navyo, na sisi sehemu kubwa ni maji, kwahiyo maji ndo yanapigwa zaidi, yanapasuka na kutoa vipande vikali visivyotulia, hivyo vipande pamoja na elektroni zenyewe vinaenda kukata DNA iliyo ndani ya kiini cha seli. DNA ichukulie kama ngazi ya kamba iliyosokotwa, ina kamba mbili. Ikikatika moja, seli inaunga kwa kuangalia ya upande wa pili. Zikikatika zote mbili karibu karibu hapo kuunga ni kazi kubwa, na seli za kansa kuunga ndo hawajui vizuri, wao wanachojua ni kuzaana.

Sasa sikilizeni hapa, maana jirani yangu ndipo alipokosea. Seli iliyokatwa ngazi haifi palepale. Inaendelea kuwepo mpaka siku inayotaka kujigawa, ndo inakuta ngazi imekatika, inashindwa, inakufa. Kwahiyo uvimbe unaendelea kusinyaa wiki na miezi hata baada ya kutoka kwenye mashine, na kipimo cha kuangalia kama umeisha mara nyingi wanakusubirisha kama miezi mitatu. Damu ikikata wiki ya tatu ni kwamba uso wa uvimbe umeanza kunyauka. Ya ndani haijasema.

Hesabu nyingine, hii naomba muisome mara mbili. Uvimbe wa ukubwa wa sentimita moja, yaani kama punje kubwa ya hindi, unakadiriwa kuwa na seli mpaka bilioni moja. Tuseme kwa mfano kila siku mionzi inaua nusu ya zilizopo. Siku ya kwanza zinabaki milioni 500, ya pili milioni 250, endelea hivyo hivyo kugawa. Siku ya 15, yaani mwisho wa wiki ya tatu, zimebaki kama elfu 30. Elfu 30 ni kitu kidogo hakionekani kwa macho ya daktari wala kwenye picha za CT, mgonjwa anajisikia mzima kabisa. Ila ni elfu 30 hai. Ukifika siku ya 25 zinabaki kama 30, na hapo ndo wanakuja na mionzi ya ndani, yaani chanzo kinaingizwa mpaka kwenye uvimbe wenyewe (nitaeleza mbele), kufuta kabisa. Huo ni mfano wa uvimbe mdogo, wa shangazi ulikuwa umepita sentimita nne.

Kwanini sasa wasipige zote siku moja waondoe usumbufu? Naendelea kwenye komenti inayofuata, simu inaishiwa chaji.

Kijana wa Kalinzi

Dada naomba endelea. Nipo hapa nasoma na mkono unatetemeka, nina swali langu nitauliza ukimaliza.

BintiUjiji

Nimerudi. Hili swali la kwanini siku nyingi lilijibiwa na kondoo dume, kweli kabisa. Miaka ya 1920 kule Paris kulikuwa na daktari Mfaransa anaitwa Claudius Regaud, alikuwa anaongoza maabara kwenye taasisi ya radiamu, yale madini yanayotoa mionzi aliyoyagundua Marie Curie na mumewe mwaka 1898. Regaud na wenzake walitaka kumfanya kondoo dume asizae kwa kumpiga mionzi kwenye korodani. Wakimpiga dozi moja kubwa, ngozi ya nje inaharibika vibaya. Wakaigawa ile dozi kwenye siku kadhaa, kondoo akawa hazai tena na ngozi ikabaki salama. Na seli zinazotengeneza mbegu za kiume zinajigawa muda wote, kama kansa. Ngozi iliyo juu yake inapata nafasi ya kujitengeneza kati ya pigo na pigo. Mwenzake Henri Coutard akaipeleka mbinu hiyo kwa wagonjwa wa kansa ya koo, na hadi leo dunia nzima inatibu hivyo.

Kwahiyo kati ya Jumatatu na Jumanne, kibofu chako na utumbo wako vinajiunga. Inahitaji kama masaa sita kazi kubwa iwe imefanyika. Seli za kansa hazimalizi kujiunga, zinapigwa tena kabla hazijakaa sawa. Ukigawa hivyo unamchosha adui bila kubomoa nyumba.

Ila kuna upande wa pili wa kisu. Kansa ikishaanza kupigwa, zile zilizobaki zinashtuka, na kuanzia kama wiki ya tatu ya nne zinaanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Yaani jirani yangu kaondoka muda uleule ambao seli zinaongeza mwendo. Kwa kansa ya shingo ya kizazi madaktari wanataka yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki 8, na kila siku inayozidi hapo uwezekano wa kuidhibiti unashuka kama asilimia 0.5 mpaka 1. Siku kumi za "nimeenda mara moja kuangalia shamba" piga hesabu mwenyewe.

FundiRedio_Gungu

Mwalimu asante sana. Mi nauliza upande wa mashine, hiyo mionzi inatokea wapi, na inapitaje kwenye ngozi mpaka ndani bila kuharibu ya juu?

BintiUjiji

Fundi umeuliza ninachokipenda. Mashine zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kobalti 60, ndani kuna kipande cha madini ukubwa wa kidole hivi, kinatoa mionzi ya gama usiku na mchana, hakizimwi, kimefungiwa kwenye kichwa kizito cha madini ya risasi, wakati wa tiba kinafunguliwa dirisha kisha kinafungwa. Kobalti inapungua nguvu nusu kila baada ya miaka 5 na miezi mitatu hivi, kwahiyo chanzo kikizeeka mgonjwa yuleyule kwa dozi ileile analala pale muda mara mbili. Ukimuona mwenzio kakaa dakika nyingi kuliko wewe usiwaze kapendelewa.

Ya pili ni linaki. Hii haina madini. Inachukua elektroni, inazisukuma kwa mawimbi kama yale ya maikrowevu mpaka zinakaribia mwendo wa mwanga, inazigongesha kwenye bamba la tangisteni, pale panatoka eksirei kali kuliko za kupigia picha. Ukizima umeme hakuna mionzi, imeisha kama taa.

Sasa kupita ngozi. Nenda Kibirizi usiku usio na mwezi uangalie wavuvi wa dagaa. Mtumbwi mmoja wenye taa unamulika maji kidogo. Ikija minne kutoka pande nne ikamulika sehemu moja, pale katikati panakuwa peupe kama mchana, ila ukisimama njiani kwenye mwanga wa taa moja unapata robo tu. Wanavyofanya kwa shangazi ni hivyo, mashine inamzunguka, inapiga kutoka mbele, nyuma, kulia na kushoto, zote zinakutana kwenye kizazi. Ndo maana kabla ya kuanza wanakulaza kwenye CT, wanapima, wanakuchora alama kwenye ngozi au kukuwekea vidoti vya tattoo, wataalamu wa fizikia wanakaa na kompyuta kupanga pembe zote. Hizo alama msizisugue wakati wa kuoga jamani. Shangazi alisugua wiki ya pili akidhani ni uchafu wa kalamu, ikabidi apimwe upya.

Kitu kingine alikuwa anaambiwa anywe maji abane mkojo kabla ya kulala pale. Watu wengi pale foleni walikuwa wanaona ni mateso. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo juu utoke njiani, basi.

Mzee wa Isevya

Nimesoma kutoka Tabora huku. Mdogo wangu alikuwa na kansa ya koo, mvutaji sigara miaka thelathini, alipigwa mara 35. Yeye alitengenezewa kinyago cha plastiki, kinalainishwa kwenye maji ya moto kisha kinabandikwa usoni kinakauka na sura yake, kinafungwa mezani ili kichwa kisicheze. Alikuwa anaogopa kile kinyago kuliko ugonjwa. Kabla ya kuanza waling'oa meno mabovu mawili, mi nikagomba, meno na koo wapi na wapi, baadae ndo nikaelewa kwamba mfupa wa taya ukishapigwa mionzi ukija kung'oa jino baadae kidonda kinaweza kugoma kupona. Mate yalikauka mpaka leo anatembea na chupa ya maji. Lakini anaongea, na msikitini anaadhini.

Kuna wiki mashine ya hospitali aliyokuwepo ilisimama siku nne, sikutaji ni wapi. Je zile siku nne zilimdhuru?

BintiUjiji

Shikamoo mzee wangu, na Mungu aendelee kumpa afya. Pole kwa hizo siku nne. Mashine ikisimama madaktari hawazihesabu kama zimepotea hivi hivi, wana namna ya kufidia, wanaweza kupiga mara mbili kwa siku moja na kuacha masaa sita au zaidi katikati, au Jumamosi, au kuongeza siku mwishoni. Mgonjwa aliyebaki karibu na hospitali anafidiwa. Aliyeondoka kwenda kwao nani atamfidia? Na sigara umenikumbusha, anayeendelea kuvuta wakati wa mionzi tiba inafanya kazi vibaya zaidi.

Na damu pia. Mionzi inahitaji oksijeni. Seli isiyo na oksijeni ili uiue unahitaji dozi kama mara mbili na nusu mpaka tatu ya ile yenye oksijeni, kwa sababu oksijeni ndo inalifunga lile jeraha la DNA lisiungike. Sasa mgonjwa wa shingo ya kizazi amevuja damu miezi, kafika na damu 6, oksijeni itafika vipi kwenye uvimbe? Ndo maana wanapima damu kila mara na ikishuka wanaongeza. Shangazi aliwekewa chupa tatu. Ndugu mnaokaa Dar mkiambiwa mje kuchangia damu nendeni, ile ni sehemu ya mionzi kabisa.

Nesi wa Kasulu

Naunga mkono kila kitu dada, naomba niongeze mawili matatu maana nakutana nayo kila siku.

Kwanza watu wanaogopa mgonjwa aliyetoka mionzi, wanamnyima kumpakata mjukuu, wanamtengea sahani. Aliyepigwa mionzi ya nje hatoi mionzi yoyote, hata dakika ile anayotoka mlangoni. Ya ndani vilevile, chanzo kinaingizwa kwa waya, kinakaa dakika kadhaa, kinatolewa, mgonjwa anarudi bila kitu. Wanaotakiwa kukaa mbali na watoto siku kadhaa ni wale wanaomezeshwa iodini ya mionzi kwa ajili ya kansa ya tezi la shingo. Ni tiba nyingine kabisa hiyo.

Pili wenye VVU. Wanapigwa mionzi kama wengine na ARV hawaachi hata siku moja. Na niseme wazi mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya hii kansa kwa hiyo kipimo asisubiri.

Tatu, kemo. Wengi wanapewa dripu ya sisplatini mara moja kwa wiki wakati wa mionzi, inafanya seli za kansa ziwe laini kwa mionzi. Inatapisha, na figo zinaangaliwa. Mtu asije akaona anaumwa zaidi akadhani mionzi imemkataa.

Na dawa za mitishamba. Simgombezi mtu ila usinywe kwa siri, mwambie daktari unakunywa nini, maana zipo zinazogombana na figo au ini wakati ule. Na ngozi ya sehemu inayopigwa usipake mawese wala mafuta yoyote bila kuuliza, osha kwa maji ya vuguvugu, vaa khanga laini iliyofuliwa ikalainika.

BintiUjiji

Dada nesi ubarikiwe, ya mjukuu na sahani yalimpata shangazi kabisa, mwezi mzima mke wa kaka yangu hakumpa mtoto.

Maudhi mengine niliyoyaona kwa macho yangu, kuharisha kulianza wiki ya tatu kukaisha kama wiki tatu baada ya kumaliza, kukojoa kwa kuwashwa, na uchovu, uchovu mzito wa kulala mchana kutwa ambao watu wanauita uvivu. Tuliacha maharage na mboga za majani kwa muda, tukabaki na wali, ndizi, uji, samaki wa kuchemsha, migebuka ilikuwa inatumwa kutoka huku na dereva wa basi, na ORS. Nywele hazikutoka, nywele zinatoka mahali mionzi ilipopita, ukipigwa nyonga za kichwani ziko salama.

Mionzi ya ndani naomba nieleze kwa heshima maana ndo inayokimbiwa. Wanapitisha virija ukeni mpaka kwenye shingo ya kizazi, chanzo kidogo cha iridi au kobalti kinapita humo kinakaa katikati ya uvimbe wenyewe. Rudini kwa wavuvi wangu, ukiwa mita moja na taa unasoma gazeti, ukirudi mita mbili mwanga unakuwa robo, mita tatu sehemu moja ya tisa. Hivyo uvimbe unaokumbatia chanzo unapata dozi kubwa sana na kibofu sentimita chache pembeni kinapata kidogo. Hakuna mashine ya nje inayoweza kufikisha dozi kama ile pale bila kuharibu vilivyo jirani. Inauma, sitawadanganya, shangazi alifanya mara tatu na alilia, dawa ya maumivu wanatoa na iombeni. Ile ndo inayoua zile 30 zilizobaki kwenye hesabu yangu. Anayefanya ya nje tu akaruka ya ndani kaacha mlango wazi.

Mama Wawili Mwanga

Samahani nina swali la aibu kidogo. Mdogo wangu ana miaka 34 ameambiwa aende mionzi. Mumewe anauliza kuhusu ndoa na watoto. Hakuna anayetujibu.

BintiUjiji

Hakuna aibu dada yangu. Ukweli ni kwamba mionzi ya nyonga inasimamisha mayai, hedhi inakata moja kwa moja na hatobeba mimba tena. Hilo wamwambie kabla, na ana haki ya kuuliza kama ugonjwa upo hatua ya mwanzo na upasuaji unaweza kutosha. Tendo la ndoa linarudi, wengi wanaambiwa wasubiri wiki kadhaa baada ya kumaliza mpaka pawe pamepona. Uke unaweza kubana na kukauka, kuna vifaa vya kupanulia anafundishwa kutumia, akiviacha pananata na hata daktari baadae anashindwa kumpima. Mume haambukizwi kansa wala mionzi. Mwambie shemeji aende naye siku ya kuongea na daktari akasikie kwa masikio yake, nimeona wanaume wakibadilika kwenye kile chumba.

Kijana wa Kalinzi

Dada sasa naomba swali langu. Mama yangu amefanya mara 16 kati ya 25. Baba mdogo akafariki, tukamrudisha kuzika, leo ni siku ya tisa yuko nyumbani na ukoo unasema akae mpaka arobaini. Nimesoma hesabu yako ya nusu nusu nikatoka nje nikakaa peke yangu. Tumeshamuua mama?

BintiUjiji

Hapana mdogo wangu, pole sana na msiba, na hapana. Siku tisa ni mbaya lakini bado kuna cha kufanya, na kila siku mnayoongeza mnakipunguza. Asubuhi saa mbili piga simu hospitali aliyokuwa, sema jina lake, namba ya faili, amefanya ngapi, tarehe ya mwisho. Watapiga hesabu upya, wataona kama wanaongeza siku au wanabana mara mbili kwa siku. Msianze kuwaza wataanza moja, wala msikae kwa sababu ya kuogopa kugombezwa, wagonjwa wengi hawarudi kwa aibu ya kugombezwa tu. Kama tatizo ni nauli au pa kulala, akifika aombe kuonana na watu wa ustawi wa jamii kabla hamjaamua lolote. Na kwa wengine mnaosoma, Bugando Mwanza nao wana mionzi, kwa sisi wa huku kupitia Kibondo na Nyakanazi wakati mwingine ni karibu kuliko Dar, ila mgonjwa aliyeanza sehemu moja amalizie hapohapo mipango yake ilipo.

Arobaini itasomwa na waliobaki. Marehemu anaombewa popote.

Nesi wa Kasulu

Na mabinti zetu wa miaka 9 mpaka 14 chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa hii, ipo, tangu 2024 ni sindano moja tu. Akina mama nendeni kile kipimo cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi, ni dakika chache, kikikuta vidonda vya mwanzo vinatibiwa hapohapo kabla hamjafika kote huko. Shangazi yako alichelewaje dada?

BintiUjiji

Alikuwa keshakoma hedhi miaka sita, akaona matone. Kituo kimoja wakampa dawa za maambukizi, akarudi, wakampa tena, miezi mitano hakuna aliyemlaza kitandani akamwangalia. Mwanamke aliyekoma hedhi akitoa damu aangaliwe shingo ya kizazi siku hiyohiyo, ng'ang'anieni hapo hapo dirishani msiondoke.

Kijana wa Kalinzi

Nimepiga. Wamesema aje haraka, hawajanigombeza. Mama amekubali, bibi ndo amemwambia aende. Basi la kesho alfajiri.

BintiUjiji

Alhamdulillah. Mbebee khanga mbili laini na karatasi zake zote, alama za ngozini asioge kwa dodoki.

Na nyie mnaoulizia jirani yangu. Jana shangazi alienda mwenyewe, alibeba sado ya dagaa. Akamwaga kwenye ungo mbele ya yule mama, akaanza kutenga nusu pembeni, nusu ya iliyobaki, nusu tena, mpaka ikabaki kama ngumi. Akamwambia umefika hapa dada, na hawa waliobaki wanazaa. Yule mama aliangalia ungo muda mrefu. Halafu akauliza mihogo nani ataiangalia. Tumegawana zamu, mimi na wanafunzi wangu wawili wanaokaa jirani na shamba Jumamosi na Jumapili, vijana wa kaka yangu siku zingine. Anaondoka Jumanne.